Yai la jirani

Jiko letu la gesi la kuchomea nyama lilikufa kumi la mwisho la Ramadhani, dakika kumi kabla ya adhana ya magharibi, na wageni wanane sebuleni. Ilikuwa mwishoni mwa Machi, msimu ambao huku Georgia, Marekani, chavua ya misonobari inaangukia kila kitu mpaka gari jeupe linaonekana limenyunyiziwa bizari. Nikavua turubai, nikafungua mtungi, nikabonyeza kiwashio. Bana, yaani vichomeo vya gesi, ni nne. Mbili zikawaka. Ya tatu ikatoa moto kwenye tundu ambalo si lake. Ya nne ikanyamaza kimya. Mishikaki thelathini nimeshaitunga, imelala kwenye sinia inanitazama.

Tulifuturu kwa tende, uji na sambusa, mishikaki nikaimalizia kwenye oveni. Ilikuwa na ladha ya nyama iliyochemshwa na mtu mwenye haraka. Kesho yake nilitoa wavu nikachungulia: mabomba ya bana yameliwa na kutu. Nililigusa moja kwa koleo, likamong'onyoka kama biskuti iliyosahauliwa kwenye chai.

Wiki hiyohiyo jirani yetu, mzee wa Kimarekani aliyestaafu, akaja kutuaga. Anahamia Florida kuwa karibu na binti yake, na hana nia ya kulibeba yai.

Yai ndilo lililoniletea makala haya. Ni jiko la mkaa la kauri, Big Green Egg kwa jina lake la dukani, la kijani, umbo la yai lililosimama kwa upande wake mnene, na kifuniko chake kinafunguka kama mdomo wa kiboko. La kwake ni saizi inayoitwa kubwa, lina uzito wa zaidi ya kilo 70. Jipya linauzwa dola elfu moja na ushee, bila meza ya kuliwekea. Lake alitaka 400, pamoja na meza.

Baba Salma, mume wangu, hakulala usiku ule. Asubuhi nilimkuta amesimama dirishani na kikombe cha chai, anautazama ua wa jirani.

"Mama Salma, hii riziki imekuja yenyewe. Gesi imekufa, yai linauzwa. Unataka dalili gani nyingine?"

Hesabu yake ilikuwa fupi: jiko la gesi liende jalalani, yai likae mahali pake. Hesabu yangu ilikuwa fupi pia. Mabomba manne ya chuma cha pua na kiwashio kipya ni dola 90, kazi ya bisibisi na nusu saa.

Niseme mapema kwamba mimi na mkaa tunajuana sana, ndiyo maana sikurupuki. Nimezaliwa Ngamiani, Tanga, barabara ya 12, na mama yangu aliuza mishikaki jioni mbele ya nyumba kwa miaka kumi na minne. Watu wa rika langu tulio nao huku, wakisikia harufu ya mkaa wanafumba macho wanakumbuka kwao. Mimi nakumbuka kipepeo. Kuanzia darasa la tatu kazi yangu ilikuwa kupepea, mkono wa kulia ukichoka unapokea wa kushoto, na sare yangu ya shule hata ikifuliwa mara mbili ilinuka moshi mpaka mwalimu akaniuliza kama tunalala jikoni. Mama ana kikohozi ambacho hakijawahi kuisha. Daktari hakusema ni mkaa, na mama hapendi tuseme ni mkaa, kwa sababu mkaa ndio uliotusomesha.

Siku hizi mwenyewe anapikia gesi, mtungi wa kilo 6. Nchi nzima inasukumwa huko: mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa wa kawaida. Sasa tazama kichekesho hiki. Kule serikali inambembeleza mama aache mkaa ashike gesi. Huku mume wangu ananibembeleza nitoe dola 400 niache gesi nishike mkaa.

(Majirani zetu Wakongo wa Clarkston, mji mdogo pembeni mwa Atlanta, waliotoka Bukavu na Uvira, mkaa wanauita makala. Kwa Kiswahili chao, basi, hiki unachosoma ni makala ya makala.)

Nikaenda kulitazama yai kwa macho ya mtoto wa muuza mishikaki. Chini kuna kidirisha cha kuteleza, ndipo hewa inapoingia na ndipo majivu yanapotolewa. Ndani kuna kikasha cha kauri kinachobeba mkaa, juu yake wavu wa duara wenye upana wa sentimita 46. Kileleni mwa kifuniko kuna tundu lenye kizibo cha chuma cha kuzungusha. Hakuna kingine: hakuna waya, hakuna swichi. Ukifungua chini na juu, hewa inavutwa na moto unapanda. Ukibana, moto unalala. Ukifunga kote, unazimika, na mkaa uliobaki unausubirisha mpaka siku nyingine.

Hapo ndipo niliposimama kidogo. Mama, akimaliza kuuza saa nne usiku, hakuwa mtu wa kumwaga maji kwenye makaa. Alikuwa na sufuria kuukuu la bati lenye kifuniko kizito. Anayaokota makaa mekundu moja moja kwa koleo, anayatia mle, anafunika, anaweka jiwe juu. Asubuhi yako meusi, makavu, mepesi, na jioni anayachanganya na mapya kwa sababu yale ya jana yanashika moto haraka. Kopo moja la mkaa kwa siku alilinyoosha namna hiyo likawa kama kopo na nusu. Mzee ananionyesha yai lake kwa fahari, "ukifunga hewa mkaa unabaki," na mimi ninaona sufuria la mama lenye jiwe juu.

Asili ya yai nayo si ya Kimarekani. Japani kulikuwa na chungu cha udongo cha kupikia wali kwa mvuke, mushikamado, chenye kifuniko cha kuba. Askari wa Kimarekani waliokuwa kule baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakavipenda, wakavisafirisha. Mwaka 1974 mtu anayeitwa Ed Fisher akafungua duka hapahapa Atlanta akiuza vyungu hivyo pamoja na mashine za mchezo wa pachinko. Vyungu vya mwanzo vilipasuka, ndipo baadaye kauri ngumu zaidi ikachukua nafasi ya udongo. Kwa hiyo watu wa huku wakiliona yai wanaona kitu cha nyumbani kwao. Mimi naliona ni ndugu wa jiko la mkaa lenye udongo ndani, lile lenye kiuno kama ngoma, ambalo mafundi wa Nairobi walilitoa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuazima wazo la jiko la ndoo la Thailand. Bati peke yake linatupa moto nje, udongo unaushika. Tofauti ni kwamba letu halina kifuniko, na kifuniko ndiyo hadithi yote.

Mzee akasema tujaribu kwanza, hana haraka. Baada ya Idi, Jumamosi moja ya Aprili, tukahamia uani kwake na watoto na viti.

Nilinunua paja la mbuzi DeKalb Farmers Market, kilo mbili na nusu, nikalichanja, nikalipaka chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Mzee akawasha kwa vipande vya mbao vilivyoshindiliwa. Mafuta ya kuwashia ni haramu kwa yai, alisema, kauri inayanywa na kila utakachopika miezi miwili kitanuka petroli. Nikamwambia kwa mama mafuta ya taa yalikuwa haramu pia, tuliwasha kwa vifuu vya nazi. Ilinichukua muda kumweleza kifuu ni nini.

Moshi wa kwanza ni mweupe, mzito, unaokera koo. Ukiweka nyama wakati huo inakuwa chungu. Unangoja mpaka uwe mwepesi kiasi cha kutouona. Kisha unaweka sahani ya kauri juu ya mkaa ili moto usiiguse nyama moja kwa moja, unaweka wavu, unaweka paja, unafunga. Tulilituliza kwenye nyuzi 135 za Selsiasi na hatukuligusa kwa saa nne. Sikupepea. Sikugeuza. Nilikaa kwenye kiti nimekunja miguu, kitu ambacho mbele ya mkaa sijawahi kukifanya maishani mwangu, na nilijisikia mvivu mpaka nikaanza kukunja taulo za mzee.

Lile paja siwezi kulisemea uongo. Mfupa ulichomoka wenyewe. Nje lilikuwa jekundu la kukolea, ndani maji yake yote yamo. Jiko la gesi lenye bana nne nzima halijawahi kunipa nyama ile, na halitanipa.

Baba Salma akanitazama kama wakili aliyemaliza kesi.

Nikamwambia angoje. Tuchome mishikaki.

Hapo mambo yakageuka. Mishikaki inataka makaa karibu, vidole vinne tu chini ya nyama, na inataka mtu amesimama anageuza. Kwenye yai makaa yako chini kabisa ya shimo. Ukiacha kifuniko wazi hewa inaingia kwa wingi, moto unaruka usikotaka. Ukifunga huoni. Na wavu wa duara wa sentimita 46 unameza mishikaki kumi, kumi na miwili ukiipanga kwa hila, wakati familia yetu ikikaa haipungui thelathini. Tulifungua hewa yote ili moto upande, wanaume wakaanza kujadili mpira, nilipotupa macho kipimajoto kimevuka 300. Kufunga hewa wakati huo ni sawa na kumkanya mtoto aliyekwisha kuvunja sahani. Kauri ikishapata moto haisikii la mtu. Tulingoja karibu saa nzima.

Katika kungoja huko Baba Salma akafungua kifuniko kwa ghafla aone mkaa ukoje. Moto uliokuwa umenyimwa hewa ukaipata yote kwa mkupuo, ndimi zikatoka mdomoni mwa yai na nywele za mkono wake wa kulia zikaondoka. Mzee akakimbia na taulo nililolikunja. Kumbe kuna adabu yake: unainua kifuniko kidogo, vidole viwili, unakiacha kipumue, kisha ndipo unafungua. Wenyewe wanaita kulicheulisha. Tangu siku hiyo watoto wakimwona baba yao anakaribia jiko lolote wanamwambia, "Baba, licheulishe kwanza."

Na hili la ladha ya mkaa, ambalo ndilo silaha ya kila mwanamume anayetaka yai, nilitafakari sana pale kitini. Mkaa mzuri ukishawaka vizuri hauna harufu kubwa ya kwake. Harufu tunayoililia inatoka kwenye mafuta ya nyama yanayodondoka juu ya kitu cha moto, yanaungua, yanapanda kama moshi na kuirudia nyama. Kwenye gesi yanadondokea vyuma vya kufunikia bana, na yanafanya kazi hiyohiyo, hafifu kidogo. Ukitaka moshi hasa unatia pande la mti, na hilo ni suala la kuni. Mishikaki yangu ya gesi wageni wanaisifia miaka sita sasa. Wanachosifia ni papai bichi na ukwaju.

Ningeishia hapo, ningesema hapana, ingekuwa makala fupi.

Lakini jioni ile, watu wananawa mikono, nikaangalia kipimajoto cha yai. Tulikuwa tumelibana hewa tangu muda, na limetulia kwenye nyuzi kama 175, linashuka polepole kama jua la Tanga. Moto mzuri vile unakufa bure. Nyumbani nilikuwa na unga wa mkate wa kumimina umeshaumuka, mchele niliousaga na tui zito, hamira, iliki na sukari, nimeutayarisha kwa Jumapili. Nikavuka ua mbio na kanga imefungwa kiunoni.

Anayejua mkate wa kumimina anajua taabu yake. Chini unataka moto wa wastani ili usiungue, na juu unataka moto pia, la sivyo uso unabaki mweupe na mbichi. Mama alipalia. Sufuria liko juu ya jiko lenye makaa machache, kifuniko cha bati kimegeuzwa kiwe kama sinia, na juu ya kifuniko makaa mekundu yamepangwa kwa duara, mengi ukingoni, machache katikati. Kupalia ni elimu. Makaa yakizidi, mkate unapasuka juu kabla haujaiva moyo. Yakipungua, umekesha bure. Na ukiinua kifuniko uangalie lazima uinue sawasawa kabisa, kwani jivu likidondoka ndani umeharibu mchele, tui na jina lako. Mimi nimedondosha. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mkate ulikuwa wa kupelekwa kwa shangazi aliyejifungua, na mama hakunipiga, alikaa tu chini akautazama.

Hapa Marekani nimekuwa nikiupika kwenye oveni ya umeme na kuumalizia kwa waya wa juu. Unaiva. Ila rangi yake ni ya mabaka, na mvuke wote wa tui unatoroka kwa sababu feni ya oveni inaufukuza.

Nikaumimina kwenye sufuria lililopakwa samli, nikaliweka juu ya wavu, sahani ya kauri nimeirudisha chini yake, nikafunga. Dakika arobaini. Nikalicheulisha, nikafungua.

Ulikuwa umepanda sawa pande zote. Uso wake ni wa hudhurungi nyepesi, wenye vitundu vidogo vidogo kama unavyotakiwa, na kuukata unasikia ule ukinzani kidogo kisha kisu kinazama. Mzee alikula vipande vinne, akauliza ni keki ya nini. Mimi nilikuwa nimeduwaa kwa sababu nyingine. Kuba lile la kauri lilikuwa limefyonza moto mchana kutwa na sasa linaurudisha chini, taratibu, kutoka juu. Lilikuwa linapalia. Bila makaa kichwani, bila jivu la kudondoka.

Kwa hiyo mabishano yetu ya wiki tatu yalikuwa ya kulinganisha mwiko na kisu. Baba Salma alitaka yai lishike nafasi ya jiko la kuchomea, na kwa kuchomea yai ni la pili. Ramadhani nikitoka kazini saa kumi na moja na nusu, nikitaka moto saa hiyohiyo na wa kutosha mishikaki thelathini, gesi inanipa ndani ya dakika kumi na ninaizima kwa kidole. Sina dakika arobaini za kungoja moshi mweupe uishe. Mtungi nao una ila yake. Unaitwa wa paundi 20 lakini ile ya kubadilishana dukani mara nyingi hujazwa 15, yaani kinyume kabisa cha lumbesa, na hakuna anayegomba. Hata hivyo bado ni nafuu kuliko mkaa wa vipande, ambao gunia dogo huku linauzwa bei ya kuku wawili.

Kwa wanaokaa kwenye maghorofa ya kupanga, na wengi wetu wa Clarkston ndiko tuliko, maswali haya hayawahusu sana: kanuni za moto za sehemu nyingi zinakataza jiko la mkaa kwenye roshani za mbao na ndani ya futi 10 za jengo la familia nyingi. Someni mkataba kabla ya kununua chochote. Na ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi, usithubutu. Kwetu watu wanafia vyumbani na jiko la mkaa kila msimu wa baridi, na hewa ile ya sumu haijali kama jiko ni la bati au la dola elfu.

Nilirudi kwa mzee na tochi. Kikasha cha ndani kina ufa kutoka juu mpaka chini. Mzee anasema ni kawaida na hauzuii kitu, nami naamini, kwani hata udongo wa jiko la mama ulipasuka ukaendelea kupika miaka. Ukanda wa sufu unaoziba mdomo umeungua upande mmoja. Na dhamana ya kiwanda ni ya mnunuzi wa kwanza, haihamii kwetu. Nikayasema yote matatu kwa heshima, kama ninavyowasemea wauza samaki wa Deep Sea, Tanga. Akacheka, akashuka mpaka 325, akatuongezea gunia la mkaa na koleo lake refu. Wanaume wanne walilivusha ua likiwa vipande vipande, kikasha kwanza, kifuniko peke yake.

Mabomba ya gesi nimeyabadilisha mwenyewe. Bana zote nne zinawaka buluu.

Juzi nikampigia mama kwa video nimwonyeshe. Nikamwamkia, akaitika, akataka kujua hiki kijani ni nini, tangi la maji? Nikamwambia ni jiko la mkaa, nikataja na bei, na hapo nikajuta. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Mwanangu, mimi mmeninunulia gesi ili niache mkaa."

"Ndiyo mama."

"Na maharage bado nayapikia mkaa, sikukwambia tu. Gesi ya kuchemshia maharage nitaitoa wapi?"

Nikamwonyesha mkate uliokuwa ndani. Akasogeza uso karibu na simu mpaka nikawa naona paji la uso tu. Akauliza makaa ya kupalia yako wapi, haoni. Nikamwambia hakuna, kifuniko chenyewe ndicho kinachopalia. Akataka nikifunge, nikakifunga. Akataka nikifungue tena, polepole, na alipoona hakuna jivu lililodondoka akaguna.

"Majivu yanatokea wapi?"

Nikainama na simu, nikasogeza kidirisha cha chini.

"Ahaa," akasema. "Kumbe ni jiko."